Visanduku Viwili vya Waya

Koplo Theopista aliuweka mtambo juu ya meza, akaunyoosha waya mmoja kushoto na mwingine kulia, akarudi nyuma kidogo akiutazama kama mtu aliyekuta nyoka njiani na hajui kama amekufa au amelala. Sanduku lenyewe halikuzidi ukubwa wa mkate. Lilikuwa la plastiki, rangi ya maziwa yaliyokaa. Ubavuni mwake zilitoka nyaya mbili, na kila waya uliishia kwenye kisanduku kidogo cha kujaa kiganjani, na juu ya kila kisanduku palikuwa na kirungu cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio.

"Unapoteza muda," alisema Inspekta Donatus, mkuu wa kituo, akiwa bado mlangoni. Akaingia, akachukua kisanduku kimoja akakibandika sikioni, cha pili akakileta mdomoni. "Cha kusikilizia. Cha kusemea. Mtoto wa darasa la pili angeelewa."

Vita ilikuwa katika mwezi wake wa pili. Ndege za adui zilikwisha kuonekana juu ya ziwa, na pale njia panda ya kwenda Chato watu walikuwa wakizima hata kibatari giza likiingia. Ndipo mgambo walipousikia mlio, ti, ti, ti, ukitoka katika kibanda kilichofungwa cha Telesphori, fundi redio. Walipouvunja mlango walimkuta amekaa na mtambo huu mapajani. Hawakungoja polisi. Polisi walipofika, fundi hakuwa tena mtu wa kuhojiwa: taya limevunjika, vidole vya mkono wa kulia vimepondwa, jicho moja halifunguki.

Sasa alikuwa amelazwa kwenye mkeka katika chumba cha nyuma cha kituo. Mganga wa zahanati alikuwa ameinama juu ya kile kichwa kwa muda mrefu, kisha akasema mgonjwa apelekwe hospitali ya misheni, tena upesi. Inspekta akasema atapelekwa mkoani, kwa Ndugu Kamili, mtu wa usalama, ambaye gari lake lilikuwa linakuja kumchukua mchana huohuo. Theopista aliijua barabara ile na mashimo yake. Kwa kichwa kile, fundi asingefika. Na kama angefika, angefikia kwenye viti vya watu wanaouliza maswali, naye hana mdomo wa kujibia.

Tena Theopista mwenyewe alikuwa amekwisha kumharibia fundi asubuhi ileile. Alikuwa amempa Telesphori kipande cha chaki katika mkono mzima, wa kushoto, akamwomba aonyeshe mtambo ni wa nini. Fundi akachora sakafuni: mstatili mpana, mstari katikati, vijistari viwili vifupi, kimoja kila upande, na doti moja. Theopista alikuwa bado ameukunjia uso mchoro huo Inspekta alipochungulia juu ya bega lake.

"Uwanja," Inspekta alisema. "Uwanja wa mpira wa shule. Hapo ndipo ndege zingetua. Umefanya kazi nzuri, Koplo."

Telesphori alipiga kiganja sakafuni mara nyingi, akitikisa kichwa mpaka damu ikaanza upya. Inspekta aliitafsiri hiyo nayo kuwa ni kukiri.

Kwa hiyo Theopista alirudi mezani, akaanza upya kwa kitu kilichokuwapo. Aliugeuza mtambo chini juu. Aliona mambo mawili. La kwanza, virungu havikuwa ndugu: cha kushoto kilikuwa cheupe na laini, cha kulia kilikuwa cheusi, kina mistari na tarakimu pembeni, kimeng'olewa kwenye redio ya zamani. Basi fundi alikuwa anatengeneza. La pili, chini ya sanduku palikuwa na alama ya gundi, mraba safi katikati ya vumbi. Theopista alitoka, akavuka barabara hadi kibandani. Kila redio iliyokuwa rafuni ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe chini yake, na juu ya plasta jina la mwenye kazi. Hakuna hata moja iliyokosa.

Mtambo ulikuwa wa mteja. Na kuna mtu aliyebandua jina lake.

Alirudi mbio akamweleza Inspekta. Inspekta alisikiliza, akasema plasta hubanduka yenyewe kwa joto, na kwamba kama mteja yupo basi wahaini ni wawili. Lakini akampa ruhusa ya kuwahoji tena mashahidi, mradi gari likifika lisimkute katikati ya hadithi.

Wa kwanza alikuwa Jilala, kamanda wa mgambo, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Theopista alimwambia achukue kile kitu, aonyeshe alivyomkuta fundi amekishika. Jilala alikichukua kwa ncha za vidole, akakipeleka sikioni.

"Ulimwona amekiweka sikioni?"

"Hapana, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kilikuwa mapajani. Ila simu inawekwa wapi kama si sikioni?"

Theopista akamuuliza nani alikuwa naye alipoingia kibandani. Watu wengi, Jilala alisema, lakini wa kwanza kuushika mtambo alikuwa Pantaleo, mwenye lori la pamba, maana ndiye aliyewapelekea habari za mlio. Tena aliukagua vizuri, akaugeuzageuza, wengine wakiwa bado wanaogopa usilipuke.

Kwa kweli kuogopa kulikuwapo hata kituoni. Usiku wa kwanza mtambo ulilia peke yake kwenye chumba cha vielelezo, kwa kuwa hakuna aliyejua unazimwaje, na askari wa zamu aliruka dirisha akaacha kofia na bunduki. Uliendelea kulia mpaka mawe yake, betri kama za redio, yakaisha nguvu.

Aliyefuata alikuwa Mama Generoza, mke wa fundi. Hakutaka kuugusa. Alisema kitu hicho kimeshamwulia mume, hakihitaji na yeye. Theopista alimsihi, akamshikisha. Mwanamke alikitazama kwa chuki, akakipeleka sikioni taratibu, kama anayetegemea kusikia sauti ya waliompiga mumewe. Kisha akakirudisha mezani, akarudi chumba cha nyuma kumfukuzia mgonjwa nzi.

Watu watatu, na wote sikioni. Theopista alikitazama tena kile kisanduku. Kama virungu vingekuwa vimebanwa juu ya sanduku kubwa, hakuna ambaye angewaza simu. Nyaya ndizo zilizomponza fundi. Kwa nini basi mtengenezaji alizitoa nje?

Pantaleo aliletwa jua likiwa limepanda. Alikuwa amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi, na alikuwa na haraka ya mtu mwenye pamba ya kusafirisha kabla mvua haijanyesha. Theopista alimwamkia, "Shikamoo, Baba Esta," akamvutia kiti, akamshukuru kwa uzalendo. Kisha akamsogezea kisanduku.

Pantaleo alikipokea. Kikalala katika kiganja cha kushoto kama yai, waya ukapita katikati ya vidole ukining'inia nyuma, usimsumbue. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vikakishika kirungu, vikakizungusha kidogo, vikakirudisha kidogo. Hata hakukitazama. Macho yake yalikuwa yamenyanyuka, yametulia ukutani mbele yake, kwenye chokaa tupu.

Theopista alingoja mpaka kirungu kilipozunguka tena.

"Unatazama nini ukutani, Baba Esta?"

Mkono ulisimama. Pantaleo akashusha macho, akakiona kisanduku kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyekiweka pale. Ndipo akakipeleka sikioni.

"Umechelewa," Theopista alisema. "Inspekta alikipeleka sikioni. Jilala naye. Mama mwenye mume alikipeleka sikioni. Wewe peke yako umekishika kama mtu anayeshika kijiko chake mwenyewe. Na plasta yenye jina lako iko wapi?"

"Koplo, mimi ndiye niliyetoa taarifa. Mtoa taarifa hahojiwi hivi."

"Fundi anapumua kwa kukwama. Njoo umsikilize."

Alimchukua kwa mkono wa kaunda suti mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Hakumsukuma ndani. Telesphori alifungua jicho moja, akamtazama mteja wake, na Mama Generoza akaacha kupunga. Pantaleo alisimama pale muda ambao mtu angemaliza kusali Salamu Maria tatu. Kisha akarudi kwenye kiti.

Hadithi yake aliitoa kwa vipande. Kulikuwa na mhandisi Mzungu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, akawa anauza vitu. Pantaleo alinunua kwake televisheni ndogo ya mpini, ya kutumia betri ya gari, kwa sababu aliambiwa siku ya anga safi inanasa picha za ng'ambo ya ziwa. Haikunasa chochote, mvua ya chenga tu. Ndipo Mzungu akamwongezea mtambo huu, akamwambia ni mchezo. Unaunganisha na televisheni, kioo kinakuwa uwanja, doti inakuwa mpira, na kila mchezaji ana kijistari chake cha kuukingia, anakipandisha na kukishusha kwa kirungu. Mzungu alisema mitambo ya kwanza ilikuwa na virungu juu ya sanduku lenyewe, wachezaji wanabanana bega kwa bega wakipigana viwiko, mpaka watengenezaji wakavitoa nje kwa nyaya, kila mtu akae kwenye kiti chake. Pantaleo alicheza na watoto wake. Kirungu cha kulia kikachakaa, kijistari kikawa kinarukaruka. Akampelekea fundi.

"Halafu vita."

"Halafu vita," Pantaleo alisema. "Wakaanza kupekua nyumba. Chombo cha kunasa picha za ng'ambo, Koplo, ndani ya nyumba yangu, wakati huu. Na Telesphori alikuwa ameiona televisheni, alikuja kujaribia mchezo kwangu. Nikawaza, wakimkuta na mtambo watamhoji, atanitaja. Heri nimtaje mimi kwanza. Nilidhani watamweka ndani siku mbili tatu, waone ni mchezo, wamwachie."

"Wangeonaje ni mchezo, na kioo unacho wewe?"

Pantaleo akaanza kunyoosha mkunjo wa kaunda suti yake.

"Kiko wapi?"

"Nikikitoa, mimi itakuwaje?"

Theopista alisikiliza barabara. Hapakuwa na ngurumo ya gari bado.

"Utakuwa shahidi," alisema.

Televisheni ilikuwa stoo, chini ya marobota ya pamba. Waliifukua wao wawili, Pantaleo akihema, nyuzi nyeupe zimemjaa kichwani kama amezeeka ghafla. Waliifunika gunia wakaileta kituoni. Hapo ndipo lilipokuja tatizo la mawe. Mtambo ulitaka mawe sita ya redio, na madukani hayakuwapo tangu vita ianze. Theopista aliingia ofisini kwa Inspekta, akaifungua redio yake mgongoni, ile ya kusikilizia habari za vita, akayatoa. Nayo yalikuwa yamechoka. Akapanda juu ya pipa la maji, akayapanga kwenye bati la paa yapate jua, yaamke kidogo, kama kila mtu alivyofanya na mawe yake siku zile. Inspekta alipotoka kuuliza nani amemnyamazishia redio, Land Rover ya mkoani ilikuwa inaingia uani.

Ndugu Kamili alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliwaamkia wote, akawapa pole ya jua. Upole wake ndio uliomtisha Theopista, maana aliomba mtuhumiwa apakiwe kwa sauti ileile aliyoombea maji ya kunywa. Inspekta alianza kumweleza habari za uwanja wa mpira. Theopista alimkata.

"Ndugu, naomba kuazima betri ya gari lako kabla hujampakia."

"Ya nini, Koplo?"

"Nikuonyeshe anachosemea."

Ndugu Kamili alimtazama dereva, dereva akainua mabega. Betri ikafunguliwa, na Theopista akayashusha mawe kwenye paa, akayatia katika mtambo. Walifunga madirisha ya kituo giza liingie, Pantaleo akaunganisha nyaya, akasaka mawimbi, chenga, chenga, kisha kioo kikatulia. Mstatili mpana. Mstari katikati. Vijistari viwili vifupi, na doti moja inayokwenda na kurudi, na sauti hafifu ya mtambo, ti, ti, kwa mawe yenye usingizi. Inspekta aliangalia kioo, akaangalia sakafu penye chaki.

"Ndiyo huo uwanja, afande," Theopista alisema taratibu.

Ndugu Kamili hakuridhika upesi. Aliuliza ule waya wa tatu, uliokuja pamoja na televisheni, unakwenda wapi, na Theopista akaung'oa kwenye televisheni, uwanja ukapotea, akaurudisha, ukarudi. Aliuliza kirungu kinamwelekeza nani. Akaambiwa ajaribu. Akakishika kwa uangalifu, akazungusha, kijistari cha kushoto kikapanda. Akakishusha. Mpira ukagonga kijistari chake ukaenda upande wa pili, na upande wa pili hapakuwa na mtu, ukapita. Tena ukapita.

"Kwa hiyo ni mchezo wa mtu kujishinda mwenyewe," alisema. "Bado mtu anaweza kuniambia hizi doti ni alama za siri."

"Ni wa watu wawili. Ndiyo maana ya nyaya mbili," Theopista alisema. Akaenda chumba cha nyuma.

Walimleta na mkeka wake, yeye na Mama Generoza, kila mmoja ameshika ncha. Walimlaza ubavu, uso kwenye kioo. Mama Generoza akakishika kile kisanduku chenye kirungu cheusi mbele yake, kwa mikono miwili, kama mtu anayemshikia mgonjwa kikombe. Mkono wa kushoto wa fundi ukapanda, ukakitafuta kirungu, ukakosa, ukakipata.

Mpira ulikuja ukapita. Ukaja wa pili, kijistari cha kulia kikapanda kwa kuchelewa, ukapita. Wa tatu ulipokuja, kijistari kilikuwa kimeshafika, kimetulia bila kuruka hata kidogo, na mpira ukagonga, ti, ukarudi.

Ndugu Kamili hakuutegemea. Aliuwahi kwa shida, mwili mzima ukiinama kushoto pamoja na mkono. Ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Hakuna aliyemwambia aendelee, na hakuacha. Hatimaye aliukosa, akatoa mguno mdogo wa hasira, na mlangoni Inspekta Donatus akacheka, kisha akaufunga mdomo kwa kiganja.

Ndugu Kamili aliweka kisanduku mezani.

"Mfungueni," alisema.

Hakuwa amefungwa. Hapakuwa na mahali pa kumfunga. Mama Generoza alianza kulia bila sauti, bado amekishikilia kile kisanduku.

"Na televisheni ni ya nani?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Lakini macho yote mle chumbani yalihama kwa pamoja, hata ya dereva, na Pantaleo, aliyekuwa ameegemea ukuta, akabaki ameangaziwa na mwanga wa kioo.

Theopista alieleza haraka kwamba huyu ndiye shahidi, kwamba ameleta kioo kwa hiari yake, kwamba mashine aliyoinunua anase picha za ng'ambo haikuwahi kunasa kitu. Ndugu Kamili alisikiliza kila neno kwa adabu. Alisema hana shaka kwamba Koplo anasema kweli. Ila ameagizwa kurudi na mtambo na mtu. Mtambo sasa ni mkubwa zaidi, una kioo, na Koplo kasema mwenyewe alikinunua anase picha za ng'ambo. Akamtaka Inspekta pingu.

"Atahojiwa tu," alisema.

"Hata fundi alikuwa wa kuhojiwa tu," Theopista alisema.

"Ndiyo. Naye umemtoa." Ndugu Kamili aligeuka. "Kuna jingine?"

Lilikuwepo moja, akaliomba: misheni iko njiani, ampitishe mgonjwa hospitali, pole pole. Ndugu Kamili alikubali bila kusita. Walimpandisha Telesphori nyuma ya Land Rover pamoja na mkeka. Nafasi ilibaki ya mtu mmoja kwenye benchi, na mtu huyo alikuwa Pantaleo na pingu zake, televisheni kati ya miguu. Kwa mke hapakuwa na nafasi. Mama Generoza alivua kanga ya begani, akaikunja, akapanda kwenye ngazi ya gari, akamsogelea Pantaleo uso kwa uso.

"Kichwa chake kikae juu ya mapaja yako," alisema. "Weka kanga chini. Kila shimo, umshike. Nitakuja kwa miguu, nitamkuta, atanieleza kwa jicho lake kama ulimshika."

Pantaleo aliipokea kanga kwa mikono miwili iliyofungwa. Akaitandaza, akakiinua kile kichwa kilichovimba, akakilaza. Kisha akamtazama Theopista juu ya mlango wa nyuma.

"Ulisema shahidi, Koplo."

"Nilisema."

Dereva aliwasha. Gari lilipoingia kwenye shimo la kwanza, pale pale mbele ya kituo, Theopista aliona mabega ya Pantaleo yakiinama, na mikono ya pingu ikikikumbatia kichwa cha fundi.